Taji Nililoligandisha kwa Sabuni ya Mawese

Mimi niliishia darasa la nne, na nalisema hilo bila kuinamisha kichwa, kwa sababu waliosoma mpaka chuo leo wananunua hereni kwangu na kuniuliza zimetengenezwaje. Hapa Kasulu, ukitoka sokoni ukapandisha kidogo, utaona kibanda cha mbao kilichopakwa rangi ya bluu. Mlangoni zimening'inia shanga kubwa kubwa kama matunda, nyekundu, za kijani, za manjano. Ukizibonyeza hazivunjiki. Ukiziangusha hazilii. Ni sufu tupu, imesuguliwa mpaka ikashikana ikawa kitu kimoja, na kutoka Kibondo mpaka huku sijamwona mwingine anayeifanya kazi hiyo. Kama yupo, ajitokeze.

Sikufundishwa na mtu. Walimu wanaoletwa huku kutoka mikoa mingine hudhani nilipelekwa semina na wazungu wa kambi za wakimbizi. Semina gani! Mimi nilikuwa nauza mitumba Kibondo, masweta hasa, kwa sababu huku kwetu juu kuna baridi, na mtumishi wa serikali akitoka pwani akapangiwa kazi kwetu, sweta analitafuta kabla hajatafuta nyumba. Nilikuwa nayafunga kwenye baiskeli mpaka mnadani Kumsenga, nayatandaza kwenye turubai, nashindana na mvua. Hapo ndipo nesi mmoja, mgeni wilayani, aliponijia na kitu mkononi amekishika kama amekamata panya. Lilikuwa sweta alilolinunua kwangu. Kwa kuogopa magonjwa ya mitumba alilichemsha kwenye sufuria, akalisugua kwa mche mzima wa sabuni ya mawese. Sweta la mtu mzima likawa la mtoto wa kunyonya.

"Kaka, umeniuzia kitu gani hiki?"

"Dada, mimi nimekuuzia sweta. Wewe umelipika."

Mnada mzima ulicheka, na yeye mwenyewe akacheka. Nikampa lingine, akaenda zake. Lile lililosinyaa nikabaki nalo mkononi. Matundu ya ufumaji yalikuwa yamezibika. Nililikata kwa mkasi, halikufumuka hata uzi mmoja. Gumu, lakini laini usoni. Mwingine angedekia sakafu. Mimi nilikata viduara viwili, nikavitoboa kwa sindano ya kushonea magunia, nikampelekea mke wangu avae masikioni.

"Mume wangu, si nitaonekana nimening'iniza maandazi?"

"Vaa, twende kanisani."

Alivaa. Baada ya ibada wanawake walimzunguka, na mimi nilisimama pembeni na mikono nyuma kama mkuu wa wilaya.

Tangu siku ile sikulala kwenye kazi ile. Sikuwa na kitabu, nilikuwa na mikono. Kwanza nilidhani sufu ni sufu, nikanyoa kondoo wa jirani mpaka akabaki kama ametoka kuugua. Nilichemsha, nikasugua, nikaviringisha kwenye mkeka, na jioni nikawa na sufuria ya nywele zilizolowa. Kondoo wetu ana nywele, hana sufu. Hana tofauti na mbuzi. Jirani alidai nimemwaibisha mnyama wake. Basi nikarudi kwenye masweta. Nikajua kuyachagua kwa moto: unachomoa uzi, unauwasha kwa kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha jivu, hiyo ni sufu ya kweli. Ukiyeyuka na kuganda kama plastiki, hilo kavae mwenyewe. Nikajua kulifumua sweta na kulichana uzi kwa brashi mbili za waya mpaka ukarudi manyoya. Ukiyaweka manyoya kiganjani na maji ya moto na povu la mawese, ukayazungusha kwanza polepole kama unamshika kifaranga, halafu kwa nguvu, unapata ushanga. Ukiyapanga kwenye mkeka wa matete rangi juu ya rangi, ukakunja na kuviringisha mpaka mabega yalie, unapata picha. Vilima vya Kasulu nimevitengeneza kwa sufu, na migomba yake, na barabara yake nyekundu. Hiyo picha iko kwenye ukuta wa daktari mmoja, na wagonjwa huigusa wakidhani ni blanketi.

Hivyo ndivyo nilivyohamia Kasulu na kufungua kibanda. Jirani yangu wa kibanda ni fundi cherehani, mtu wa maneno mengi, suti zake ni nzuri lakini ulimi wake hauna pindo. Mimi ananiita Bwana Maandazi. Mimi namwita Fundi Vifungo. Ndivyo tunavyoamkiana.

Ilikuwa msimu wa masika, Pasaka imekaribia, alipokuja mama mmoja kibandani. Wengi hapa wanajua watu wa namna yake: walitoka Burundi, wakakaa kambini Mtabila, na kambi ilipofungwa wengine wakarudi kwao, yeye akabaki kwa sababu alikwisha kuwa raia. Analima, anauza maharage, anaongea Kiha kama sisi. Tangu mwaka ule mataji nimetengeneza mengi kwa harusi nyingi, kwa hiyo mtu asijisumbue kutafuta ni yupi. Alisimama mlangoni akiwa ameshika mfuko wa nailoni.

"Fundi, amakuru?"

"Nzuri, mama. Karibu. Hereni?"

"Si hereni." Akafungua mfuko. Ndani kulikuwa na vumbi na vipande vya bua vilivyotafunwa na mchwa. "Hili lilikuwa urugori la mama yangu."

Urugori ni taji la mwanamke aliyezaa. Ni utepe mgumu wa ganda la bua la mtama, upana wa vidole viwili, unauzunguka uso juu ya paji. Kwao mwanamke akilivaa, hata asiposema neno, watu wanajua huyu ni mama wa watu. Mama yake alilivaa siku wanakimbia, akalipitisha mpakani likiwa kichwani, akalitunza kambini, akamwachia. Sasa binti yake anaolewa, wakwe wanatoka Muyama, watu wa mashamba makubwa na familia ndefu, na yeye alipofungua sanduku alikuta mchwa wametangulia.

"Si usuke lingine?" nikamwuliza. "Mtama upo."

"Mtama bado mbichi shambani. Na yule bibi aliyejua kulisuka alirudi Burundi kambi ilipofungwa. Mjini wameniuzia hili." Akatoa taji la karatasi ngumu lililofunikwa karatasi ya dhahabu, lile la watoto wa sherehe za kuzaliwa. Akalitazama, akalirudisha. "Fundi, upande wa bwana harusi wana shangazi yao. Alisema mbele ya mwanangu kwamba kijana wao anaoa kwa watu waliokuja na ndoo na blanketi. Mimi siku ile sitaki kukaa mbele yake kama mtu aliyekuja na ndoo na blanketi. Wewe wanasema unaweza kufanya sufu isimame. Unaweza?"

Fundi Vifungo alikwisha kusimamisha cherehani yake ili asikie vizuri. "Mama," akasema kwa sauti, "huyu anajua viduara tu. Atakuvika andazi kichwani."

Hapo damu ikanipanda. Nikasimama mlangoni, sokoni kulikuwa na watu, nikasema kwa sauti ambayo hata wauza dagaa waliisikia: "Mama, nenda kapike pombe ya harusi. Taji utalivaa, na akitokea wa kulicheka, nitakula mkasi wangu."

"Tumesikia," akasema Fundi Vifungo. "Mkasi upi, mkubwa au mdogo?"

Nilimpima mama kichwa kwa uzi, akaniambia jinsi lilivyokuwa: jembamba, gumu, likipigwa na jua linang'aa. Alipoondoka nikaanza kutafuta sweta jeupe. Taji linalong'aa ni jeupe, mimi nilijua hivyo, kumwuliza mtu wa nini? Nilisimama kwenye kila belo la mitumba lililofunguliwa Kasulu, nikainama na akina mama wa mitumba tukigombania. Nikaenda mpaka Kibondo kwa wenzangu wa zamani. Huko nikalipata: jeupe kama maziwa, zito, jipya kabisa. Nikachomoa uzi, nikauwasha. Nywele. Jivu. Nilirudi Kasulu nalo kifuani ndani ya koti, sikulitia kwenye mzigo.

Nilifumua, nikachana, nikapanga manyoya kwenye mkeka. Maji ya moto, mawese, povu. Nikaviringisha asubuhi hiyo mpaka adhuhuri. Nikafungua mkeka. Manyoya yamelala pale pale nilipoyalaza, moja moja, kama hayajuani. Nikaongeza moto. Nikaongeza sabuni. Kesho yake nikamwita mke wangu tukaviringisha wawili, yeye huku mimi huku, tukihema kama watu wanaokata mbao.

"Mume wangu, hii sufu ina ukaidi."

"Itashika."

"Imekataa."

"Mimi ndiye nitakayesema imekataa."

Haikushika. Nikatafuta kibandiko cha sweta lile kwenye takataka, nikampelekea mwalimu mmoja mteja wangu anisomee. Akasema imeandikwa sufu halisi, na kwamba linafuliwa kwa mashine bila kusinyaa. Nikaelewa. Kule kiwandani walikwisha kuitia dawa isishikane milele. Moto wa kiberiti haukuweza kunionyesha hilo. Mpaka leo ninapochagua sweta nachoma uzi, halafu nasugua pembe yake kwa maji ya moto kabla sijalipa, na hiyo akili nimeitoa kwenye kidonda changu mwenyewe.

Fundi Vifungo kila nikipita alikuwa anauweka mkasi mezani na kuupangusa kwa kitambaa. Anaupangusa tu.

Harusi ilikuwa karibu. Mama alikuja kuona. Akakuta manyoya meupe yamelowa, mkeka umeharibika, mimi mikono imechubuka kwa mawese na maji ya moto. Nilimweleza kwamba nyeupe ni ngumu kupatikana lakini nitaipata hata kama ni kwenda Kigoma mjini.

Akashangaa. "Nyeupe ya nini?"

"Ya taji."

"Yoo! Fundi, bua la mtama ni jeupe? Wewe ni Mha, umekulia kwenye mtama." Akachukua kile kipande kilicholiwa na mchwa, akakipangusa kwa kidole. Kilikuwa na rangi ya bua lililokauka, njano ya jivu, kama ugali wa muhogo ukichanganywa na asali kidogo. "Hii ndiyo rangi yake. Ulitafuta weupe wa nani?"

Mke wangu aliingia ndani haraka, nikamsikia anakohoa kicheko. Mimi sikucheka. Nilivuta rundo la masweta yaliyokuwa yamenizunguka wakati wote, yale ya kaki na ya kahawia hafifu, ambayo watu wa huku huyakataa kwa kuwa yanaonyesha uchafu wa udongo wetu mapema. Yalikuwa tele, na sufu yake nilikuwa nimeigandisha mara nyingi nikiwa nafikiria mambo mengine. Nikasema: "Mama, rudi nyumbani. Hii sasa ni vita yangu na mtama."

Nilichanganya sweta la kaki na la rangi ya krimu, nikayachana pamoja mpaka yakatoa rangi ya kile kipande, nikakilaza kipande juu ya manyoya na macho yangu hayakuona kinapoishia. Nikapanga utepe mrefu, mrefu kuliko kichwa cha mama, maana sufu ikishikana inaingia ndani. Nikaviringisha. Ilishika kama ilikuwa inangoja kuitwa. Nikaufunga utepe kwenye ndoo ndogo ya plastiki iliyolingana na uzi wa kipimo, nikausugua pale pale mpaka ukakaza. Ulikuwa mgumu, lakini si mgumu wa bua. Nikafikiria kola za mashati ya zamani. Nikamwambia mke wangu atengeneze uji mwembamba wa unga wa muhogo, nikaupaka, nikauacha ukauke upande wa jua, nikaupaka tena.

Ilibaki ile kung'aa. Kung'aa kunataka pasi, na pasi ya mkaa nzito kuliko zote mtaani ni ya Fundi Vifungo.

"Naomba pasi."

"Unataka kunyoosha nini, maandazi?"

"Naomba pasi, kaka."

Aliposikia "kaka" akaacha utani. Akatia mkaa mwenyewe, akapuliza, akatandika kitambaa chake safi mezani. Hakunipa pasi, aliishika yeye, mimi nikashika taji nikilizungusha taratibu, yeye akipita juu kwa ncha. Wanga ulitoa mvuke, halafu uso wa sufu ukalala, ukawa na ule mng'ao wa ganda la bua. Tukaliweka juani. Akalizunguka, akaliangalia kutoka upande wa pili.

"Bwana Maandazi," akasema, "hili sasa si andazi."

Siku ya harusi tulialikwa sote wawili, yeye kwa kuwa alishona suti ya bwana harusi. Ilikuwa nyumbani kwa mama, turubai limefungwa kwenye miti, matope yamefunikwa kwa majani ya migomba. Mama alitoka ndani akiwa na kitenge kipya na taji kwenye paji. Sisemi kwa kuwa ni mkono wangu. Nasema kwa kuwa niliona: wanawake wa kwao, wale waliokaa naye kambini, walisimama wote. Mmoja mzee alifunika mdomo kwa kiganja. Halafu vigelegele.

Wakwe wa Muyama wakakaa mbele. Yule shangazi nilimjua hata kabla hajaonyeshwa, kwa jinsi alivyokuwa anavihesabu viti kwa macho. Alimtazama mama kwa muda. Mazungumzo ya wazee yalipotulia, akauliza, si kwa ukali, lakini kila mtu alisikia:

"Mkwe, hilo la kichwani ni zuri. Na ninyi mlikuja mikono mitupu. Limetoka wapi?"

Pale ndipo mahali pangu. Miaka yote mtu akigusa kitu changu akauliza kimetoka wapi, mimi huwa nimekwisha kujibu kabla hajafunga mdomo. Nilikuwa na kipande cha nyama mkononi. Nilianza kuinuka. Fundi Vifungo akanigusa goti, akanong'ona, "Sema basi, ndiyo saa yako."

Mama hakuniangalia. Alikaa wima, mikono mapajani, akasema:

"La mama yangu. Aliondoka nalo nyumbani likiwa kichwani. Mtoto mkononi, taji kichwani. Mtoto huyo ni mimi."

Wale wanawake wa kambini wakaitikia, "Egome," ndivyo, kwa pamoja, kwa sababu hayo walikuwa wanayajua. Mama yake alitembea hivyo kweli. Na kama mimi ningefungua mdomo pale, nikasema ni sufu ya mitumba, ni kaki iliyochanganywa na krimu, ni uji wa muhogo, ni mimi, basi mama yake angebaki amesimama njiani bila kitu kichwani, mbele ya watu wa Muyama.

Nikatia ile nyama mdomoni. Nikatafuna. Nimeviringisha sufu mpaka ngozi ikatoka, nimesukuma baiskeli na mzigo kutoka Kumsenga kwenye utelezi, lakini kazi ngumu niliyowahi kufanya ni kutafuna nyama ile. Shangazi akanyanyuka, akaenda kuliangalia karibu, akaligusa kwa kidole kimoja. Halafu akamshika mama mabega na kumkumbatia, na kwa mara ya kwanza siku ile akamwita kwa jina la binti yake: Mama wa fulani.

"Umemezaje?" Fundi Vifungo akaniuliza njiani tukirudi.

"Nimemeza nini?"

"Sifa zote zile. Mkasi ungekuwa rahisi."

Mahindi yalipokuwa yanavunwa, shangazi yule alikuja Kasulu sokoni na kupandisha mpaka kwangu. Alikuwa na mwanawe wa kumwoza. Alitazama shanga, akatazama picha, akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa.

"Fundi, wewe ndiye wa sufu? Mkwe wangu mmoja ana taji la kale, la mama yake. Nataka la kufanana nalo. Najua hutaliweza kama lile, lakini jaribu."

Nilisikia cherehani ya jirani inasimama.

"Nitajaribu, shangazi," nikasema.

Nilichanganya kaki na krimu. Nilipaka uji wa muhogo. Fundi Vifungo alileta pasi mwenyewe bila kuombwa, akapita juu kwa ncha huku midomo ameibana. Shangazi alipokuja kulichukua alilipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaligeuza huku na huku, akalivaa, akalivua.

"Umekaribia," akasema. "Umekaribia sana. Ila lile lina mkono wa watu wa zamani."

"Kweli, shangazi," nikamjibu, nikamfungia kwenye karatasi safi. "Wale walikuwa wanajua."